Joto Halikuiondoa Adhuhuri

Tumeletewa barua kutoka Garissa. Iliposomwa katika darasa letu usiku wa kuamkia Ijumaa, wengine walicheka mwanzo wake na wote tukanyamaza mwisho wake. Mwenye barua ni dalali wa mifugo, umri wake miaka arubaini na minne. Asema kwamba mwaka uliopita daktari alimpima akamkuta na maradhi ya sukari, akampa dawa, na akamwambia atembee kwa haraka nusu saa kila siku. Alianza mwezi wa Julai, wakati ambapo jua la Garissa lavumilika, akawa atoka nyumbani kwake mpaka darajani kwenye Mto Tana kisha hurudi. Alidumu hivyo miezi mitano. Ilipoingia Januari joto likazidi, akapunguza. Ilipofika Februari akaacha kabisa, na viatu vyake vya raba sasa viko chini ya kitanda. Nduguye mkubwa, mwenye maradhi hayo hayo, amekatwa mguu.

Suali lake ni hili: Je, ana dhambi kwa kuacha, au joto ni udhuru wake mbele ya Mungu? Na je, yafaa mtu mzima mwenye ndevu, mwenye binti wa kuoza, kwenda mbio-mbio njiani na watu wamtazama?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Lamu akasema kuwa haya ni mambo ya Garissa, sisi yatuhusu nini? Twamwambia asubiri. Kaskazi inapovuma Mombasa, ni wangapi katika sisi waliokuwa wakitembea asubuhi pale Mama Ngina, kisha wakarudi barazani kwa hoja hiyo hiyo ya joto, na mkononi kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari na mbele yao sahani ya mahamri? Barua ni ya mtu mmoja, lakini suali ni letu sote.

Na tuanze na joto lenyewe, kwani si haki kumwambia mtu wa Garissa kuwa joto lake ni dogo. Mji ule uko karibu mno na ikweta, umekaa bondeni mbali na pepo za bahari, na ndugu zetu Wasomali wayaita majira hayo Jilaal, majira ya ukavu, ambayo huendelea mpaka mvua za Gu' zishuke kiasi cha Aprili. Adhuhuri ya Februari na Machi joto hupita daraja 35 za Selsiasi, na mwisho wa Machi jua husimama juu ya utosi. Tena joto la Garissa si joto la pwani. Mwili wa mwanadamu hupozwa na jasho linapokauka juu ya ngozi. Kwetu pwani hewa imejaa maji, jasho latiririka wala halikauki, na mtu hujiona amelowa na kuchoka upesi. Garissa hewa ni kavu, jasho lakauka kabla halijaonekana, na mtu hudhani hakutoka jasho, kumbe amekwisha kupoteza maji mengi. Basi atokaye saa sita mchana katika nchi kama ile kwenda mbio kwa ajili ya afya, huyo ajidhuru, na sisi hatumwamrishi mtu kujidhuru.

Walakini tazameni, enyi ndugu, sheria ilivyofanya na joto. Adhuhuri ni faradhi, na wakati wake huingia jua linapopinduka, saa zilizo kali kabisa. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Masahaba wake kwamba joto likiwa kali waicheleweshe Sala hiyo mpaka ukali upungue, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Imamu Nawawi naye ameitaja sunna hiyo katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma vizazi kwa vizazi mbele ya masheikh wao. Kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba hukumu hii yahusu nchi ya joto, na jamaa ya msikiti ambao watu wauendea kutoka mbali. Nchi ya joto! Ni kana kwamba maneno hayo yaliandikiwa watu wa Garissa. Basi joto lilifanya nini? Liliisogeza Sala ndani ya wakati wake, kutoka saa kali mpaka saa nyepesi. Halikuiondoa Adhuhuri.

Hatusemi kuwa kutembea kwa afya ni kama Sala, la hasha. Twasema kuwa sheria imetufundisha namna ya kukaa na joto, nayo ni kutafuta saa yake. Ndugu yetu alikuwa akitoka saa mbili asubuhi baada ya chai, kwa sababu mwezi wa Julai saa hiyo ilikuwa nyepesi. Ilipofika Januari joto lilikuja, naye akangoja saa mbili ile ile, kama mtu ambaye aliahidiana nayo na hawezi kuivunja ahadi. Mwezi wa Februari jua la Garissa huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu. Tangu mtu atoke katika Sala ya Alfajiri mpaka saa moja na nusu ana muda mrefu ambao ardhi imepoa na hewa ni laini. Huo ndio wakati wake. Na mwili nao una mazoea yake: huchukua kiasi cha wiki moja mpaka mbili kuzoea kazi katika joto. Anayepunguza mwendo majira yanapogeuka, kisha akauongeza kidogo kidogo, amefanya la akili. Lakini ndugu yetu alipunguza kisha akaacha.

Ameandika udhuru mwingine, nao hatuwezi kuupuuza. Asema watu wa Garissa hawakuzoea kutoka gizani. Kweli. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambalo waliuawa watu 148, Mungu awape subira waliofiwa, serikali iliweka amri ya kutotoka nje tangu saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Kisha mwaka 2020, kwa ajili ya korona, nchi nzima ikafungiwa usiku mpaka Oktoba 2021. Saa bora za mji wa joto, za baada ya Alfajiri na za baada ya Magharibi, ndizo zilizofungwa. Mji uliofundishwa kuogopa giza haujui kulisahau kwa siku moja. Kwa hiyo twamshauri asitoke peke yake. Pale msikitini kwake, baada ya Alfajiri, hapana shaka wamo wanaume watano au sita wa umri wake, na katika hao wamo walioambiwa na daktari maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Wangoje mwanga uonekane, watoke pamoja.

Sasa twaja kwenye lile la pili, nalo kwa maoni yetu ndilo lililomfunga zaidi ya joto. Yeye mwenyewe amesema kuwa vijana wa bodaboda humwita kwa kejeli, na mzee mmoja alimwambia kuwa mtu mwenye heshima hufuatwa, hakimbii. Haya ni maneno ya ada tu, hayana asili katika dini. Amepokea Abu Daud kwamba Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alikuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) katika safari, wakashindana mbio, Bibi Aisha akamtangulia. Zikapita siku, na Bibi Aisha akawa ameongezeka mwili. Wakashindana tena, na safari hii Mtume akamtangulia, akamwambia kwamba hii ni kwa ile ya mwanzo. Hebu fikirini alikuwa nani wakati huo. Alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mkuu wa dola, hakimu na amiri wa jeshi, na umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini. Na wapokezi wamemsifu mwendo wake kuwa ni mwendo wa mtu ashukaye mteremko. Ikiwa mbio hazikupunguza heshima yake yeye, ni heshima gani hiyo ya dalali wa ng'ombe, au ya sheikh wa mtaa, itakayomwagika kwa kutembea upesi?

Tena na tuulize heshima hii ya kukaa imetoka wapi. Baba wa ndugu yetu, kwa maneno yake mwenyewe, alitembea na ngamia kutoka kisima hata kisima, na hakuna aliyemwambia afanye riadha, kwani maisha yake yote yalikuwa riadha. Mtu aliyekonda kwa kutembea ndiye aliyekuwa mwanamume. Kisha ukaja ukame juu ya ukame. Huu wa karibuni mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, mifugo ikateketea, na watu wengi wakahamia mijini. Miguu iliyozoea jangwa ikawekwa juu ya kiti cha plastiki mlangoni pa duka, na chai ya sukari ikaendelea kunywewa kwa kiasi kile kile alichokuwa akinywa mchungaji aliyekuwa akitembea mchana kutwa. Baadhi yao wakaongeza na miraa tangu Alasiri mpaka usiku wa manane, hapana harakati ila ya taya. Hata haikupita miaka mingi, tumbo likawa alama ya neema. Hiyo ndiyo heshima ambayo yule mzee aitetea. Ni changa kuliko yeye mwenyewe.

Wala sisi wenye vilemba tusijitoe. Kazi yetu ni kukaa mkekani, kula karamu za watu na kupelekwa kwa gari. Katika darasa letu yumo ambaye hajafika hamsini, naye hawezi kuinuka katika sijida ila ashike goti, na jambo hilo tumelizoea tukaliita utu uzima. Imamu Ghazali alipoandika juu ya malezi ya mtoto alitaka mtoto azoezwe kutembea na kutaharaki sehemu ya mchana ili uvivu usimshinde. Ibnul Qayyim naye katika Zadul Maad amesema juu ya riadha ya mwili kwa maneno ya mtu aliyeyachunguza: wakati wake ni baada ya chakula kushuka, na kipimo chake cha wastani ni ngozi kuwa nyekundu na jasho jepesi kutoka. Vitabu hivyo vyote tunavyo kabatini.

Hatukusudii kuwapeleka watu upande wa pili. Tumeona pia vijana waliougeuza mwili kuwa kibla chao, wajitazama katika kioo kutwa, mapaja wazi, muziki juu, na Sala ya Magharibi yawapita humo humo ndani. Hao nao wana barua yao siku nyingine.

Jambo linalotakiwa ni kudumu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwani kuanza ni rahisi. Hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim yatufundisha kuwa amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache. Na ajabu ni kwamba matabibu wa leo hawakutaka kwetu jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za kazi yenye kutia nguvu misuli. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Juu ya hivyo, hesabu ya shirika hilo kwa mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wazima 31 katika kila 100 ulimwenguni hawafikii hata kiasi hicho. Na nusu saa si lazima iwe ya mkupuo mmoja. Dakika kumi na dakika kumi na dakika kumi ni thelathini.

Tena turudi kwenye yale maneno ya Minhaj, msikiti wauendeao watu kutoka mbali. Wanachuoni walipoyaandika walikuwa wakiwaona watu wakienda kwa miguu. Banu Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia wabakie walipo, kwani hatua zao zaandikwa. Sisi leo twapanda tuktuk kwenda msikiti ambao adhana yake twaisikia bila ya kipaza sauti! Twamwambia ndugu yetu: achague kwa Alfajiri na Isha msikiti usio wa mlangoni kwake, ulio mwendo wa dakika kumi au kumi na tano. Kwenda aende kwa utulivu, kwa sababu tumekatazwa kuijia Sala mbio. Kurudi na ahimize miguu apendavyo. Akifanya hivyo, majira yote yatakuwa sawa kwake, kwani Alfajiri haina Julai wala Februari.

Na dhambi je? Hatuthubutu kumwambia kuwa ana dhambi kwa kuacha matembezi, maana kutembea kwenyewe si faradhi, na ulimi wa kuharamisha haraka si ulimi wa elimu. Lakini kuhifadhi nafsi ni moja katika yale mambo matano ya dharura ambayo sheria imekuja kuyalinda, na mwili una haki juu ya mwenyewe. Mtu akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa jambo fulani lamlinda na madhara, akaliacha bila ya udhuru wa kweli, hawezi kulala na kusema kuwa hakuacha kitu. Udhuru wa joto twaukubali kwa saa sita mchana. Kwa saa kumi na mbili asubuhi hatuukubali. Na hilo neno la kuwa ajali imekwisha kuandikwa, ambalo jirani zake wamemwambia, Sayyidna Umar alikwisha kulijibu alipofika Sargh akasikia kuwa Sham ina tauni, akawarudisha watu. Alipoulizwa kama akimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Hao hao majirani wamemshauri anywe kombe na aache dawa za hospitali. Dua na aombe, na sisi twamwombea. Dawa asiache. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu.

Kuna jambo moja ambalo kwa sababu ya mguu wa nduguye twalitaja kwa urefu. Maradhi ya sukari yakikaa hufisha hisia za nyayo. Mtu hukanyaga mwiba au hupata lengelenge ndani ya kiatu asijue, jeraha likaoza, kisha ukaja msumeno. Basi asitembee pekupeku hata uani, na raba zake ziwe za kumtosha bila ya kubana. Nasi Waislamu tumepewa njia ambayo wengine hawana: mara tano kwa siku mtu huosha miguu yake. Mara moja katika hizo, ya Isha kwa mfano, asiioshe kwa haraka. Aitazame, apitishe kidole baina ya vidole kama ilivyo sunna, akaushe vizuri, na akiona jeraha asilale nalo siku mbili kabla ya kumwona daktari. Na akitoka kutembea awe na tende mbili au tatu mfukoni, kwani baadhi ya dawa pamoja na mwendo huishusha sukari kupita kiasi, na dalili zake ni kutetemeka, jasho baridi na kuzungukwa na kichwa. Maji vile vile, na anywe kabla ya kiu.

Ameuliza juu ya Ramadhani, ambayo mwaka 2024 na 2025 ilianza mwezi wa Machi, ndani ya joto lile lile. Mwenye maradhi haya amwendee daktari kabla mwezi haujaandama, aulizie kufunga kwake na saa za dawa zake, wala asingoje azimie ndipo aulize. Akiambiwa aweza kufunga, matembezi yake yawe usiku, baada ya kufuturu au baada ya Tarawehe, ambayo yenyewe ni harakati ya kutosha kwa aisimamaye yote. Akiambiwa asifunge, hiyo ni ruhusa ya Mwenyezi Mungu, na wanaomtazama kwa jicho la kulaumu wamezidisha juu ya sheria.

Mwisho wa barua, kwa mstari mmoja mdogo kana kwamba aona haya kuuandika, ameuliza kama mkewe naye aweza kutembea, kwani daktari amemwambia yeye pia. Jawabu ni kwamba aweza, kwa stara yake, pamoja na jirani zake wanawake, katika njia ya amani. Katika ile hadithi ya Bibi Aisha imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu watangulie kwanza, kisha ndipo wakashindana, basi stara ilitafutiwa njia, haikufanywa sababu ya kumkalisha mwanamke. Udhuru wa wake wengi si joto wala haya, ni watoto na jiko la asubuhi. Basi ndugu yetu arudi mapema kutoka darajani, avue raba zake mlangoni, ampokee mtoto, na mama watoto atoke na jirani yake kabla jua halijapanda.